Unyevu unaopanda kutoka ardhini katika nyumba za pwani: kulinganisha kinga kabla ya kumlipa fundi

Mwenye nyumba wa Kigamboni, Bububu, Tanga au Likoni ambaye rangi ya kuta zake huvimba na kubanduka kila masika yanapokwisha huwa ameshapewa ushauri wa kila aina kabla hajanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Fundi mmoja humwambia atindue lipu na kupiga nyingine iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, mwingine humshauri abandike vigae hadi usawa wa kiuno, muuza rangi humwonyesha ndoo ya rangi inayosemekana haipitishi maji, na jirani aliyewahi kusumbuliwa na tatizo hilohilo humwambia kwamba nyumba za pwani ndivyo zilivyo na hakuna la kufanya. Neno la jirani si la kweli. Njia tatu za kwanza zina mahali pake, ingawa mara nyingi hupelekwa pasipo pake.

Katika ulinganisho huu kila njia inapimwa kwa swali moja lenye sehemu mbili: maji yanaingilia wapi, na yakizuiwa hapo yatatokea wapi. Njia isiyojibu sehemu zote mbili humgharimu mwenye nyumba mara mbili, kwa sababu ataigharamia sasa na kisha atagharamia kuiondoa.

Maji hupandaje, na chumvi inafanya nini

Tofali la saruji, tofali la kuchoma, jiwe la matumbawe na hata zege lenyewe vina vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Wakati yanapanda, hewa nayo huyakausha kupitia uso wa ukuta, na kwa hiyo alama ya unyevu husimama pale ambapo kiasi kinachopanda kinalingana na kiasi kinachokauka, ambapo katika nyumba nyingi ni chini ya mita moja au zaidi yake kidogo. Mizani hiyo ndiyo inayoamua kama tiba fulani itafaa. Ukuta ukizibwa uso wake, maji hayajazuiwa kupanda. Yamenyimwa pa kutokea tu, nayo yataendelea kupanda mpaka yafike juu ya kile kilichoziba au yatokee upande wa pili wa ukuta, katika chumba ambacho hakikuwa na tatizo.

Maji hayo hayapandi yakiwa matupu. Hubeba chumvi za ardhini, na huku pwani huongezewa chumvi ya bahari iliyomo katika mchanga wa ufukweni usiooshwa, katika maji ya kisima yaliyotumika kuchanganyia saruji, na katika upepo unaovuma kutoka baharini. Maji yakikauka, chumvi hubaki nyuma na kuganda kuwa fuwele ndani ya vinyweleo, na fuwele hizo zinapokua ndizo zinazosukuma rangi mpaka ivimbe na kuisaga lipu mpaka iwe unga. Anayepitisha kiganja kwenye ukuta wa namna hiyo wakati wa kiangazi hubaki na vumbi jeupe lenye chembechembe kali vidoleni, na akigonga lipu kwa fundo la kidole husikia mlio wa kitu kitupu pale ilipokwisha kuachana na tofali.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba chumvi hiyo inaweza kuulowesha ukuta peke yake. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapofikia takriban asilimia 75, na hewa ya Dar es Salaam, Unguja au Mombasa hupita kiwango hicho mara nyingi usiku na alfajiri. Ndiyo maana ukuta uliojaa chumvi hutota tena masika yakirudi hata kama maji ya ardhini yamezuiwa barabara, na mwenye nyumba hudhani kazi ya kuyazuia imeshindikana. Kila njia ya kutibu ukuta uliokwisha kuharibika, hata iwe ya gharama kiasi gani, haijakamilika mpaka lipu yenye chumvi itinduliwe yote na kutupwa mbali na nyumba.

Hakikisha kwanza ni unyevu wa ardhini

Fedha nyingi hupotea kwa kutibu ugonjwa usiokuwepo. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hufuata sehemu ya chini ya ukuta kwa urefu wake wote, ukiwa na mstari wa juu ulio karibu sawasawa, nao hugusa kuta za ndani ya nyumba pamoja na za nje, tena hauondoki kabisa hata kiangazi. Bomba linalovuja ukutani hutoa doa la mviringo linalopanuka, na mara nyingi doa hilo liko karibu na bafu, jiko au tangi. Ukifunga koki zote za nyumba kisha ukatazama mita ya maji na kuikuta inazunguka, umeshapata jibu. Mvua inayoruka kutoka kwenye ardhi tupu chini ya paa lisilo na gata hulowesha ukuta wa nje pekee, kwa kimo cha goti au zaidi kidogo, na ukuta huo hukauka siku chache baada ya mvua kukatika. Karo la maji machafu lililochimbwa karibu mno na msingi huleta unyevu wa upande mmoja wa nyumba, mara nyingi pamoja na harufu.

Kwa nyumba zenye viyoyozi kuna chanzo kingine, nacho ni hewa ya chumbani kutoa maji inapogusa ukuta wa baridi. Hili hupimwa kwa kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni kinachobandikwa ukutani kwa utepe kwenye kingo zote nne na kuachwa kwa siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa chumbani, maji yametoka hewani. Yakionekana upande ulioelekea ukutani, yametoka ukutani. Vile vipima unyevu vya umeme vyenye pini mbili visipewe neno la mwisho, kwa sababu hupima jinsi ukuta unavyopitisha umeme, na ukuta wenye chumvi hupitisha umeme vizuri hata kama maji yake ni machache. Fundi anayegusisha pini ukutani, kuonyesha namba kubwa na papo hapo kutaja bei ya dawa hajathibitisha chochote.

Kwa anayejenga sasa

Huyu ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wote, na inasikitisha kuona nafasi hiyo ikiachwa kwa ajili ya kuokoa kiasi ambacho ni sehemu ndogo sana ya gharama ya msingi. Mambo yanayolinganishwa hapa ni matatu: kimo cha sakafu, kinachowekwa chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, na kinachowekwa chini ya ukuta.

Kimo kwanza. Tabaka la kuzuia unyevu, ambalo mafundi wote huliita DPC, linatakiwa kuwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje iliyokamilika, yaani baada ya udongo wa bustani, zege au vitofali vya pevingi kuwekwa. Mvua za pwani zinavyopiga, sentimita 15 ni kiwango cha chini mno. Kozi mbili au tatu za tofali juu ya ardhi ni bora zaidi, na mabondeni au mahali ambapo kisima hufikia maji kwa kina kidogo, kuongeza kozi nyingine ni fedha iliyotumika vizuri. Aliyenunua kiwanja chenye mteremko asipime kimo kutoka upande wa chini pekee, kwa kuwa maji ya mvua hushuka kutoka upande wa juu, na huko ndiko sakafu nyingi hukutwa ziko sawa na ardhi.

Chini ya jamvi, ushindani huwa kati ya nailoni na zege zito. Wapo mafundi wanaosema kwamba zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga na kokoto) lenye unene wa sentimita 10, likishindiliwa vizuri, halihitaji nailoni. Zege la namna hiyo hupunguza maji kwa kiasi kikubwa, lakini halizuii mvuke, na mvuke huo ndio unaotokea miezi kadhaa baadaye chini ya zulia, chini ya kapeti ya plastiki na kwenye miguu ya kabati. Nailoni huuzuia. Kinachotakiwa ni nailoni ya geji 1000, yenye unene wa robo ya milimita. Ile ya geji 500 ni nusu yake na huchanika kwa kokoto na kwa miguu ya wamwagaji hata kabla zege halijafika. Kwa sakafu ya mita za mraba 100, nunua takriban 120, kwa sababu vipande vinatakiwa kupandana sentimita 15 au zaidi na kufungwa kwa utepe, na kingo zake zinatakiwa kupanda hadi zikutane na DPC ya ukutani ili pasibaki mwanya kati ya sakafu na ukuta. Mwanya huo ndio unaosahaulika kuliko sehemu nyingine zote.

Nailoni peke yake haitoshi kama chini yake pana kifusi cha mfinyanzi kilichomwagwa kikiwa kimelowa. Tabaka la mawe lenye unene wa sentimita 15 hivi huvunja safari ya maji, kwa kuwa nafasi kati ya mawe ni kubwa mno kwa maji kupanda, kisha mchanga hutandazwa juu ili mawe yasitoboe nailoni, na dawa ya mchwa hunyunyizwa kabla nailoni haijalazwa. Siku ya kumwaga, mbao za kupitishia toroli ziwekwe juu ya nailoni, na mwenye nyumba au mtu anayemwamini awepo. Baada ya zege kukauka hakuna anayeweza kujua kama nailoni ilichanika mara moja au mara ishirini, na hakuna njia ya kuirudishia nzima.

Kuhusu ukuta, kosa lililoenea zaidi ni kuuhesabu mkanda wa zege juu ya msingi kuwa DPC. Mkanda una kazi yake kubwa ya kuufunga msingi usipasuke, na zege lake likiwa zuri hupunguza kasi ya maji, lakini nalo lina vinyweleo, tena mara nyingi humwagwa likiwa na maji mengi ili liingie kirahisi kati ya nondo, na maji ya ziada yakikauka huacha vinyweleo vingi zaidi. Lami inayopakwa ubavuni mwa tofali za msingi nayo ina faida dhidi ya maji yanayotoka pembeni, ila haifanyi lolote kwa maji yanayotoka chini, kwa kuwa chini ya tofali ya kwanza hakuna aliyepaka. Dawa ya unga inayochanganywa kwenye mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia tofali, kwa kawaida kilo moja kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 au kama mtengenezaji anavyoelekeza, inafaa kuwa msaidizi, lakini mota ikipata ufa mwembamba kama unywele, maji yatapita hapo.

Kwa hiyo kati ya njia hizi ningechagua bila kusita tabaka la karatasi: ile nene yenye lami, au polithini nene iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ikilazwa juu ya mkanda kwa upana wote wa ukuta, juu ya mota laini na chini ya mota nyingine, na vipande vikipandana sentimita 10 au zaidi. Ipite bila kukatika kwenye kuta za ndani na kwenye milango. Wanaojenga kwa matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi nchini Tanzania imeyahamasisha kwa miaka mingi, wanahitaji jambo hili kuliko wengine, maana tofali lenye udongo likilowa mara kwa mara hupoteza kingo zake. Msingi wao uwe wa mawe au tofali za zege hadi juu ya usawa wa DPC.

Sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo

Vibanda vya wageni ufukweni na nyumba chache za mbao hujengwa juu ya nguzo, huku pakiachwa nafasi tupu kati ya ardhi na sakafu. Njia hii hukata kabisa kupanda kwa maji isipokuwa kwenye nguzo zenyewe, ambazo zinatakiwa kuwekewa kipande cha DPC au bati juu yake kabla ya mbao kulazwa. Upepo ukipita chini kwa uhuru, pande zote zikiwa wazi, mbao hubaki salama. Hali hubadilika mtu anapozungushia nafasi hiyo ukuta wenye matundu madogo na kisha kuweka kiyoyozi chumbani: sakafu hupoa, hewa ya joto yenye unyevu huingia kupitia matundu, na maji hujitokeza chini ya mbao. Katika majimbo ya kusini-mashariki ya Marekani, ambako nyumba nyingi zina nafasi ya namna hii na hewa ya kiangazi chao ni nzito kama ya kwetu, kutegemea matundu peke yake kumeonekana kuwa na kasoro hiyohiyo, na wengi sasa hufunika ardhi yote kwa nailoni, huziba matundu na kuweka mashine ya kukausha hewa. Kwa pwani yetu, ambako umeme ni ghali na sakafu nyingi hazipozwi, kuacha pande wazi na kufunika ardhi kwa nailoni ndiko kunakofaa zaidi. Kuziba kufikiriwe tu pale ambapo kiyoyozi hufanya kazi mchana na usiku.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa

Hapa uchaguzi ni mgumu zaidi, na napendekeza uanzie nje ya nyumba kabla ya kugusa ukuta wa ndani. Nyumba nyingi zilizojengwa na DPC nzuri zimeharibiwa na ukarabati wa baadaye. Mwenye nyumba huinua ua kwa kifusi na kuweka vitofali vya pevingi hadi vikagusa ukuta juu ya usawa wa DPC, au hupiga lipu ya nje kuanzia ardhini, na lipu hiyo huwa daraja la maji kupita juu ya tabaka lililowekwa kuyazuia. Kushusha udongo hadi sentimita 15 chini ya DPC, kukata lipu ya nje kwenye usawa huo, kuweka gata zenye bomba la kupeleka maji mbali, na kuupa ua mteremko wa kuondoka kwenye nyumba ni kazi ya majembe, patasi na siku chache, wala haihitaji dawa yoyote. Ikifanywa, upewe ukuta kiangazi kizima kabla ya kuamua kama panahitajika zaidi. Nyumba zisizo chache huishia hapo, na kila anayeweza kuishia hapo ana sababu ya kufurahi, kwa sababu njia zinazofuata ni ghali na hazina uhakika kama huu.

Ikiwa nyumba haikuwekewa DPC kabisa, zipo njia mbili za kweli za kuiweka baadaye. Ya kwanza ni kukata ukuta kwenye mstari wa mota, kipande kwa kipande kisichozidi mita moja, kuingiza karatasi na kujaza kwa mota ngumu kabla ya kuhamia kipande kisichopakana na hicho. Ikifanywa vizuri hakuna inayoizidi kwa uhakika. Ila ni kazi ya fundi mzoefu chini ya macho ya mhandisi, kwani ukuta wa inchi 5 au 6 ulioachiwa uwazi mrefu unaweza kupasuka au kushuka, na katika nyumba ya ghorofa nisingeiruhusu bila mchoro na mahesabu.

Ya pili ni kutoboa matundu ya milimita 12 kwenye mstari wa mota, kila baada ya sentimita 10 hadi 12, na kuyajaza krimu yenye silani, dawa inayosambaa na kuvifanya vinyweleo visukume maji badala ya kuyavuta. Faida yake ni kwamba ukuta hauguswi sana na familia inaweza kuendelea kuishi ndani. Udhaifu wake ni kwamba inategemea mota iliyojaa vizuri. Kwenye tofali lisilo na matundu, lililojengwa kwa mota isiyo na mapengo, inafaa. Kwenye tofali lenye matundu, au mahali ambapo fundi wa kwanza aliweka mota kingoni tu na kuacha katikati patupu, dawa humwagika mahali isipohitajika na mstari wa kinga hubaki na mapengo. Kabla ya kulipia, toboa matundu machache ya majaribio na utazame vumbi linalotoka: likitoka mfululizo kwa kina chote, mota ipo, keekee ikizama ghafla, pana uwazi.

Sasa zile njia zinazouzwa zaidi. Lipu au rojo ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, ikipakwa ndani, huziba uso vizuri sana, na kwa chumba kilicho chini ya ardhi, tangi la maji au ukuta wa bafu ndiyo chaguo sahihi. Kwenye ukuta wa kawaida wa chumba, pasipo DPC, huhamisha unyevu hadi juu ya pale ilipoishia au upande wa pili. Vigae hadi kiunoni hufanya hivyohivyo, tena huficha hali ya ukuta mpaka mstari wa chumvi utokee juu yake. Nimeona kuta zilizobandikwa vigae mara mbili, mara ya pili vikipandishwa juu zaidi, na unyevu ukafuata. Skimu ya jipsamu, yaani tabaka jembamba la kulainishia ukuta, ni mbaya kuliko zote kwa ukuta wa chini wenye maji, kwa kuwa jipsamu hulainika ikilowa. Itumike kwenye dari na sehemu za juu tu. Kati ya njia hizi hakuna ninayoweza kumshauri mtu ailipie kama tiba ya maji yanayotoka ardhini.

Nyumba za mawe na chokaa

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za Lamu na za Mombasa ya zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na mota ya chokaa, kwa kuta ambazo mara nyingi hufika nusu mita au kuzidi, na hazina DPC wala mstari wa mota unaoweza kukatwa au kutobolewa kwa mpangilio. Zimedumu vizazi na vizazi kwa sababu ukuta mzima hupumua: maji hupanda, hutoka kupitia lipu ya chokaa, na lipu hiyo huchakaa polepole na kupigwa upya bila jiwe kudhurika. Aliyeziba ukuta wa namna hiyo kwa lipu ya saruji, akiamini anauimarisha, ameukatia njia ya kukauka. Maji hubaki ndani, mota ya chokaa hulainika, boriti za mikoko zilizoingia ukutani huoza ncha zake ambapo hakuna anayeona, na saruji hatimaye hubanduka kwa vipande vikubwa ikiondoka na ngozi ya jiwe.

Kwa nyumba hizo ulinganisho ni mfupi. Tindua saruji, uache ukuta ukauke, upige lipu ya chokaa na mchanga uliooshwa, na upake rangi ya chokaa juu yake, huku ukikubali kwamba sehemu ya chini itahitaji kurudiwa baada ya miaka. Gharama ya kurudia ni ndogo mno ikilinganishwa na kupoteza boriti. Mwenye nyumba katika Mji Mkongwe anatakiwa pia kupata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kuanza, na huko atapata ushauri kuhusu chokaa yenyewe, ambayo inahitaji kulowekwa na kukaa kabla ya kutumika.

Lipi lifanywe lini

Kwa Dar es Salaam na Unguja, kazi ya ukuta ianze masika yakishapita, kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusi unapovuma na mvua ni chache. Lipu itinduliwe hadi nusu mita juu ya alama ya juu kabisa ya unyevu au chumvi, tofali lipigwe brashi kavu, na vumbi lizolewe badala ya kuoshwa kwa maji, kwani maji huirudisha chumvi ndani ya ukuta. Kisha panahitajika subira. Kwa makisio ya kawaida ukuta hukauka kwa takriban mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, hivyo ukuta wa inchi 6 uliotota unaweza kuhitaji miezi sita, na kwenye hewa ya pwani hata zaidi. Fundi anayeahidi kuzuia unyevu, kupiga lipu na kupaka rangi ndani ya wiki moja anaahidi lisilowezekana, hata kama dawa yake ni nzuri.

Lipu mpya isigusane na sakafu. Iachwe juu yake kwa sentimita mbili au tatu, na ufa huo ufichwe na skatingi ya mbao au kigae iliyofungwa bila kuzibwa kwa saruji kwa nyuma. Kwa mwaka wa kwanza ukuta upakwe rangi ya chokaa au rangi ya maji ya kawaida, kwa sababu rangi ya mafuta huuziba na kuufanya uvimbe tena. Kama itabidi ugawe fedha chache kati ya kazi hizi zote, zitumie kwenye gata na kushusha udongo mwaka huu, kutindua lipu yenye chumvi kusi ijayo, na uamue kuhusu krimu au kukata ukuta baada tu ya kuona mstari wa unyevu umesimama wapi masika yanayofuata.